Miezi mitatu kabla ya kidato cha kwanza: Kiingereza kinaweza kuanzia jikoni

Wiki hii nazungumza na mzazi au mlezi ambaye mtoto wake alifanya mtihani wa darasa la saba mwezi uliopita na sasa yuko nyumbani akisubiri matokeo. Nyumba nyingi hukichukulia kipindi hiki kuwa cha mapumziko. Mtoto anakaa dukani, anachunga, anasaidia shambani, jioni anacheza mpira mpaka giza linaingia. Hakuna ubaya. Amesoma miaka saba, acha apumue kidogo.

Lakini Januari inakuja na jambo zito. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali amejifunza hisabati na sayansi kwa Kiswahili. Kiingereza kilikuwa somo moja kati ya mengine, vipindi vichache kwa wiki. Akiingia kidato cha kwanza, mambo yanageuka kichwa chini miguu juu. Kitabu cha Biolojia ni Kiingereza, cha Fizikia ni Kiingereza, cha Jiografia ni Kiingereza, na maswali ya mtihani ni Kiingereza. Yule aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono darasani sasa anakaa kimya. Ananakili ubaoni asichokielewa, anakikariri usiku, na asubuhi kimepotea.

Jambo hili si geni. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza katika shule zetu na kukuta wanafunzi wengi wa sekondari hawana lugha ya kutosha kusomea masomo mengine. Miaka 40 imepita. Mjadala wa lugha ipi itumike kufundishia bado unaendelea, na ni mjadala wa maana. Ila mtoto wako hawezi kuusubiri uishe. Januari hii anaingia darasani.

Swali ninaloulizwa zaidi na wazazi wakati huu ni la fedha: je, nimlipie mtoto masomo ya "Pre Form One"? Nitalijibu hapa chini. Kwanza ninataka tuone yale ambayo nyumba yoyote inaweza kuyafanya kwa nusu saa kwa siku, hata kama mzazi mwenyewe Kiingereza hakimpandi.

Aanze kwa masikio na mikono

Mtoto mchanga husikiliza muda mrefu kabla hajatamka neno. Unamwambia "njoo", anakuja. Unamwambia "lete kijiko", analeta. Maneno yake mwenyewe hufuata baadaye. Mwanasaikolojia wa Marekani, James Asher, alilichukua jambo hilo tangu miaka ya 1960 na kulifanya kuwa njia ya kufundishia lugha ya kigeni: mwalimu anatoa amri, mwanafunzi anatenda kwa mwili wake, na halazimishwi kuongea mpaka awe tayari.

Njia hii haihitaji ubao wala chaki. Jikoni panatosha. "Open the door", fungua mlango. "Wash the cups", osha vikombe. "Put the small pot on the fire", bandika sufuria ndogo motoni. Siku ya kwanza amri tano tu. Kesho yake zile tano na nyingine tano. Zikizoeleka, zichanganye ili asitende kwa mazoea: "Wash the small pot", "Put the cups on the table". Akisita, mwonyeshe kwa kitendo, usimkaripie.

Baada ya wiki moja geuza mchezo. Yeye ndiye atoe amri, wewe na wadogo zake mtende. Akisema vibaya, tendeni kile alichokisema. Akisema "Sit on the table" badala ya "Sit at the table", mdogo wake na apande mezani. Mtacheka wote, na kosa hilo hatalirudia.

Hadithi nyepesi, na ziwe nyingi

Sasa tuje kwenye kusoma. Mwaka 1980 huko Fiji, visiwa vilivyo katika Bahari ya Pasifiki, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu katika shule za msingi za vijijini. Watoto wa huko nao nyumbani huongea lugha zao, na Kiingereza hukutana nacho shuleni. Kila darasa katika shule hizo lilipewa vitabu 250 vya hadithi za kuvutia, vyenye picha. Madarasa mengine yaliendelea na mazoezi ya sarufi na kurudiarudia sentensi kama kawaida. Baada ya miezi minane, waliosoma hadithi walikuwa wamesonga mbele katika kusoma na kusikiliza kwa kasi ya karibu mara mbili ya wenzao.

Siri ya vitabu vile ilikuwa ni wepesi na wingi. Wazazi wengi hufanya kinyume. Tunamnunulia mtoto kitabu kimoja kinene cha kidato cha kwanza, anakifungua, anakutana na maneno 20 asiyoyajua katika ukurasa mmoja, anakifunga. Hapo tumenunua woga kwa fedha yetu wenyewe.

Tumia kipimo cha vidole. Mtoto asome ukurasa mmoja, na kila neno asilolijua akunje kidole kimoja. Vidole vitano vikikunjwa kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho bado ni kigumu. Kiwekwe pembeni. Ashuke hata kwenye kitabu cha Kiingereza cha darasa la tatu au la nne, na wala asione aibu. Ngazi hupandwa kutoka chini.

Utavipata wapi? Anza kwa majirani, maana vitabu vya madarasa ya chini viko kabatini kwa watu vikila vumbi. Maktaba ya mkoa nayo ipo. Mwenye simu ya intaneti anaweza kuingia katika mradi wa African Storybook wa Afrika Kusini, wenye hadithi fupi za picha za kusoma bure. Hadithi nyingi humo zipo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Basi mtoto asome kwanza ile ya Kiswahili, ajue sungura kafanya nini na fisi kaponea wapi, halafu asome hadithi ileile kwa Kiingereza. Maana anayo tayari. Anachokitafuta sasa ni maneno tu.

Asome hadithi moja mara tatu, siku tatu. Ya kwanza aelewe, ya pili asome kwa sauti, ya tatu akusimulie.

Kadi za maneno, na daraja la Kiswahili

Chukua boksi tupu au karatasi ngumu ya manila, ikate vipande vya ukubwa wa kiganja. Upande mmoja aandike neno la Kiingereza, upande wa pili maana yake kwa Kiswahili au achore picha. Maneno matano kwa siku yanatosha.

Kuna kosa moja linalofanyika sana: mtoto anakaa akizitazama kadi pande zote mbili. Kutazama si kujua. Aone upande mmoja, ajilazimishe kukumbuka, ndipo ageuze. Kule kujikamua ndiko kunakolifunga neno kichwani. Alilolipata alirudie baada ya siku moja, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Alilolikosa lirudi mwanzo wa foleni.

Maneno gani aanze nayo? Mwalimu Mwingereza Michael West, aliyefundisha muda mrefu Bengal wakati India ikiwa koloni, alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno takriban 2,000 yanayotumika mara nyingi zaidi katika Kiingereza. Fundisho lake kwetu ni jepesi: maneno ya kila siku kwanza, ya kifahari baadaye. Mtoto anayejua "because", "before", "between" na "without" atafika mbali kuliko aliyekariri majina ya wanyama 50 wa porini.

Fungu la pili ni maneno ya kuulizia maswali. Haya ndiyo yanayowaangusha watoto wanaojua jibu. "Define" ni toa maana. "Mention" na "list" ni taja, orodhesha. "Explain" ni eleza, fafanua. "Describe" ni elezea jinsi kitu kilivyo. "Differentiate" ni onyesha tofauti. "Give reasons" ni toa sababu. Mtoto akiambiwa "explain" naye akaorodhesha, maksi zinakwenda huku jibu analo. Maneno haya yasizidi kadi 15, na wiki tatu zinatosha kabisa kuyamaliza.

Fungu la tatu ndilo ninalolipenda zaidi. Mtoto wako haanzi sayansi upya. Anajua mimea inavyojitengenezea chakula, na jina la jambo hilo kwa Kiswahili ni usanisinuru. Huko aendako litaitwa "photosynthesis". Anajua uvukizi, ambao utaitwa "evaporation". Kani ni "force", eneo ni "area", ujazo ni "volume". Achukue madaftari yake ya darasa la sita na la saba, msiyauzie wafunga karanga bado. Kila mada aandike maneno makubwa ya Kiswahili na atafute jina la Kiingereza katika kamusi. Siku mwalimu atakapoandika "evaporation" ubaoni, wenzake wataona ukuta, yeye atakumbuka nguo zilizoanikwa juani.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, usimpige marufuku kuongea Kiswahili nyumbani. Kiswahili ndicho kimebeba akili yake yote ya miaka saba. Kutoza faini au kumvisha mtoto kibao shingoni kwa sababu ameongea lugha ya nyumbani kwake kunamfundisha jambo moja tu, kunyamaza. Na kunyamaza ndio ugonjwa tunaoutibu.

Mdomo ufunguke

Mwalimu West aliacha pia mbinu nzuri kwa watoto waoga, ambayo ilielezwa katika kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu kufundisha Kiingereza katika mazingira magumu, yaani madarasa yaliyojaa na vitabu vichache. Mtoto anasoma sentensi kimya, anainua macho kutoka kwenye kitabu, anamtazama mtu usoni, anaisema. Sharti ni kwamba macho yasiwe kwenye karatasi wakati mdomo unasema. Sentensi inapita kichwani kwanza ndipo itoke mdomoni.

Akizoea, ongeza mbinu ya kupunguza dakika. Mtaalamu wa New Zealand, Paul Nation, ni mmoja wa walioiandikia. Mtoto anasimulia jambo moja kwa dakika nne, kwa mfano jinsi ya kupika ugali au safari ya kwenda kwa bibi. Kisha anamsimulia mtu mwingine jambo hilohilo kwa dakika tatu. Kisha wa tatu, dakika mbili. Ulimi unapata wepesi kwa sababu hatafuti tena cha kusema. Kwa anayeanza, dakika mbili, moja na nusu, na moja zinatosha. Wasikilizaji wanaweza kuwa dada, shangazi na rafiki wa jirani. Simu yenye kurekodi sauti nayo ni msikilizaji, na haichoki.

Makosa yasahihishwe vipi?

Atakosea, tena sana. Mengi ya makosa yake yana asili yake katika Kiswahili. Atasema "My mother he is cooking", kwa sababu "yeye" wetu haubagui mwanamume na mwanamke. Atasema "I have 13 years", kwa sababu sisi tuna miaka, wala hatuwi miaka. Atasema "I hear cold", kwa sababu baridi tunaisikia. Mtoto huyo si mjinga. Ana lugha moja imara, na anaitumia kujengea ya pili.

Akisema "Yesterday I go to the shop", usimkatize. Mwitikie kama mtu anayezungumza naye: "You went to the shop? What did you buy?" Ameisikia sahihi, na mazungumzo yanaendelea. Kila siku chagua kosa moja tu la kulifanyia kazi wazi, baada ya kumaliza kusema. Mtoto anayesahihishwa kila neno atajifunza kusema maneno machache.

Na mzazi asiyejua Kiingereza?

Huyu ndiye nimemwandikia zaidi. Mama, baba, bibi, usijitoe. Kuna mambo manne ambayo mwalimu wa kulipwa hawezi kumpa mtoto kama wewe.

La kwanza ni muda na mahali. Nusu saa ileile kila siku, taa iwepo, na asitumwe dukani katikati yake. La pili ni kadi: wewe shika, soma upande wa Kiswahili, yeye ataje Kiingereza. Hahitajiwi mtaalamu hapo. La tatu ni sikio. Akishasoma hadithi ya Kiingereza mwambie, "Haya mwanangu, nisimulie kwa Kiswahili, nani alifanya nini, kwa nini, na ikaishaje?" Akibabaika utajua hakuelewa, akitiririka utajua kaelewa. La nne ni kukubali akufundishe. Mzazi anayeuliza "hiki kinaitwaje huko kwenu?" akaambiwa "spoon", akalitamka vibaya na kucheka, amemfundisha mwanawe kwamba kukosea hakuui. Somo hilo litamfaa Januari kuliko sarufi.

Tuje kwenye ada ya "Pre Form One"

Masomo haya mengine ni mazuri, mengine ni biashara tu. Kabla hujatoa fedha, nenda kasimame dirishani dakika kumi. Uliza mambo matatu. Watoto wako wangapi kwa mwalimu mmoja? Katika dakika hizo kumi, ni nani anayeongea, mwalimu au wanafunzi? Na je, wanafundishwa lugha, au wanakimbizwa mada za kidato cha kwanza kwa Kiingereza ambacho bado hawana? Ukikuta watoto 80 wananakili ubaoni kimya, kile unachokiogopa cha Januari umekilipia Oktoba.

Ukikuta darasa ambalo watoto wanaulizana, wanasoma kwa sauti na wanacheka, lipia kama unaweza. Kama huwezi, usilale na hatia. Hebu tupige hesabu. Kutoka sasa hadi shule zifunguliwe ni takriban wiki 12. Siku tano kwa wiki ni siku 60. Nusu saa kwa siku ni saa 30 nzima. Maneno matano kwa siku ni maneno 300. Mtoto anayeingia kidato cha kwanza na maneno 300 anayoyajua kikweli, hadithi 20 alizozielewa na mdomo uliozoea kufunguka, hayuko sawa na aliyekaa bure.

Ratiba ya nusu saa

Dakika tano za kwanza: kadi za jana na juzi, kisha tano mpya. Dakika kumi: hadithi. Dakika kumi: kuongea, iwe ni amri za jikoni, kuinua macho na kusema, au kusimulia kwa dakika. Dakika tano za mwisho: aandike sentensi tatu za kweli kuhusu siku yake katika daftari moja asilochanganya na kitu kingine. Atie tarehe. Mwishoni mwa Desemba mfungulieni ukurasa wa kwanza, ajionee mwenyewe alikotoka.

Siku mkikosa, msifidie kwa kukaa saa moja na nusu kesho yake. Endeleeni na nusu saa. Haba na haba hujaza kibaba, na lugha ndivyo inavyoingia.

Siwezi kukuahidi kwamba kidato cha kwanza kitakuwa rahisi. Kutakuwa na vipindi ambavyo hataelewa kitu. Lakini mtoto aliyezoea kukosea mbele ya watu wanaompenda ataweza kunyoosha mkono na kusema, "Sir, I don't understand." Sentensi hiyo mfundisheni mapema, iwe kadi ya kwanza kabisa. Anayeweza kuisema hatapotelea kimya kimya nyuma ya darasa.

Basi usiku wa leo, wakati chakula kiko motoni, mwambie tu: "Open the door." Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.